Kodi Tatu za Marehemu

"Nipeni mwezi mmoja tu," Wembe alitangaza mbele ya saluni nzima, mashine ya kunyolea ikinguruma mkononi. "Nitalipiga hili gita mpaka marehemu mwenyewe aje aniombe nimpishe!"

Wateja walicheka. Aliyekuwa kitini hakucheka, maana nusu ya kichwa chake ilikuwa bado inasubiri.

Gita lilikuwa la mdogo wake aliyezikwa mwaka uliopita, kitindamimba ambaye mama yao alimwita Kitinda. Lilining'inia ukutani, juu ya bango la mitindo ya nywele, likishika vumbi.

Mwalimu akapatikana: Besi, mpigaji wa bendi ya hotelini, kwa mapatano kwamba anyolewe bure, naye atoe somo. Wakaanza na kodi ya kwanza. Siyo ile ya nyumba. Hii hulipwa kwa vidole, nyuzi kadhaa zikibanwa pamoja zitoe sauti moja.

"Bana nyuma ya kile chuma, siyo juu yake," Besi alisema. "Na usilikabe shingo hivyo, halijakukosea."

Ncha za vidole zikawaka moto. Uzi mmoja ukagoma kulia, ukawa unatoa tup, kama kijiko kilichoanguka kwenye zulia.

Jumapili mchana Wembe alikwenda na gita nyumbani, akakaa barazani. Mama yake, ambaye miguu ilikuwa imemfunga kitandani, alimsikia kupitia dirishani.

"Wembe, unamchuna paka?"

"Najifunza gita, mama."

"Basi subiri afe kwanza."

Wakacheka wote wawili, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Kicheko hicho ndicho kilichompa hamu. Kila jioni akifunga saluni, alikaa barazani na gita. Vidole vikaota sugu. Kuhama kodi moja kwenda nyingine, ambako mwanzoni kulikuwa kama kutafuta viatu gizani, kukawa kwepesi. Siku moja kodi tatu zikafuatana, safi, kwa mwendo ule wa kivivu wa mdogo wake. Mwendo huo hakuna aliyemfundisha.

"Kitinda," mama aliita kutoka ndani, sauti laini. "Umekula?"

Nywele za kisogo zikamsimama. "Ni mimi, mama."

"Wewe gita hujui. Mwambie mwenzio aingie tule."

Mama hakuwa amerukwa na akili. Vidonge vyake alivikumbuka, majirani aliwatambua kwa vikohozi vyao. Lakini jioni ile, yeye aliyekuwa akidonoa chakula kama kifaranga, alimaliza sahani.

Basi ikawa hivyo. Wembe akikosea, mama alikuwa na mtoto mmoja. Akipatia, alikuwa na mmoja vilevile, ila siyo Wembe.

Akajaribu kukosea makusudi. Tup.

"Ameondoka?" mama aliuliza, akaanza kulia. Vidole vya Wembe vikarudi vyenyewe mahali pake.

"Acha hiyo kitu, ndugu yangu," Besi alimwambia. "Utapotea wewe."

"Nikiacha, mama hali chakula."

Ijumaa uzi mwembamba ulikatika katikati ya wimbo, ukamchapa shavuni. Ndani, mama alikuwa anasubiri, na sahani yake ikapoa hivyohivyo.

Asubuhi, kabla ya kufungua saluni, Wembe alisimama kwenye duka la vyombo vya muziki.

"Nyuzi za gita. Seti nzima."

"Zako?" muuzaji aliuliza.

Wembe alijigusa shavu lililochapwa na uzi.

"Za mdogo wangu."

Seti moja ilikuwa shilingi elfu kumi na nane, na Wembe akalipa.