Akaunti ya Mzee wa Seva

Kila asubuhi, kabla hajavua koti, Mzee wa Seva aliinama juu ya kibodi na kuandika amri ileile fupi. Kioo kikijibu kwamba programu inafanya kazi, alisema, "Haya, umeamka salama," ndipo akatundika koti kwenye msumari.

Hakuwa mzee kiasi hicho. Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Jina hilo alibandikwa na watu wa maabara ya hospitali, waliomwona pale tu alipopanda na kikombe kuomba maji ya moto. Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi, hakina dirisha, kina feni, seva, yaani kompyuta mama ya hospitali, na kiti kimoja. Programa mpya, mwandishi wa programu za kompyuta, binti aliyetoka chuo mwaka uliopita, alipoletwa afanye naye kazi, alikalia katoni ya karatasi.

Programu hiyo mzee aliiandika peke yake. Ilichukua majibu kwenye mashine za kupimia damu na kuyapeleka kwa madaktari wodini. Ilifanya kazi chinichini: haina kitufe, haina picha, hakuna anayeifungua.

"Ikienda vizuri, hakuna anayejua kama ipo," alimwambia binti siku ya kwanza. "Ikizimika, hospitali nzima inanijua mimi."

Na ilizimika kila seva ilipozimika. Umeme ukikatika, lazima mzee aingie kwenye akaunti yake kwa neno lake la siri, ndipo programu iwake. Kwa hiyo miaka minane hakuwa amechukua likizo.

Jumatano moja binti yake wa kumzaa alipiga simu kutoka mji wa mbali. Chumba kilikuwa kidogo mno, programa akasikia kila neno.

"Baba, mjukuu wako ana meno manne. Unasubiri aoe ndiyo uje?"

"Mwanangu, nikitoka hapa majibu hayafiki wodini."

"Si uioe hiyo mashine tujue moja!" Alicheka, kisha kicheko kikakatika. "Kitanda chako nimekitandika tangu mwezi wa kwanza. Safari hii usipokuja, nakitandua. Nimechoka kujidanganya."

Mzee aliilaza simu kifudifudi mezani.

"Mjomba," programa alisema, "naomba niusome msimbo wa programu yako."

"Soma tu, haung'ati."

Alisoma siku mbili. Kosa lilikuwa dogo hata akaona haya kulitaja: programu ilining'inia kwenye akaunti ya mzee kama nguo kwenye kamba ya jirani. Kisha akafungua kumbukumbu za mabadiliko, akakuta mistari sita iliyofutwa miaka minane nyuma. Aliyeifuta alikuwa mzee mwenyewe. Hilo programa alilimeza.

"Mjomba, tukiipa akaunti yake yenyewe, itawaka pamoja na mashine, na wewe utasafiri. Ni mistari sita."

Mzee alisugua kidevu. "Haya. Irudishe."

Mchana, watu wa maabara walipokwenda kula, programa aliandika mistari ile. Mzee akatoka kwenye akaunti yake. Wakaizima seva, wakaiwasha. Kioo kikauliza nani anataka kuingia, na hakuna aliyekijibu. Mzee alisimama, mikono mfukoni, kama mtu anayemsindikiza msafiri na hajui amwambie nini.

Watu wa maabara walipoanza tena kazi, mzee alipanda ngazi bila kikombe. Alikawia. Aliporudi alisema, "Majibu yanafika wodini. Wameniuliza, kwani kulikuwa na shida?"

Akampigia bintiye. "Usikitandue. Nakuja Jumamosi." Kule upande wa pili kulikuwa na kelele za mtoto. Alipokata simu aliketi, akaanza kujaza fomu ya likizo. Kwenye sehemu ya atakayeshika nafasi yake kalamu ilisita, kisha akapiga mstari: hakuna.

Programa alikuwa amejizuia vya kutosha.

"Mjomba, mwanzoni ilikuwa na akaunti yake. Kwa nini uliitoa?"

Mzee hakuinua macho kwenye fomu.

"Mke wangu alipofariki, miaka minane iliyopita, nilichukua likizo ya wiki mbili," alisema. "Programu haikukosea hata mara moja. Hakuna hata mmoja hapa hospitali aliyenipigia simu."