Mwosha wa Chama cha Stempu

Wanachama wa Chama cha Wakusanya Stempu walimwita Mwosha. Jina hilo alipewa na kinyozi, mtu ambaye hakuwa na adabu nyingi lakini alikuwa na jicho la kuona mambo. Jumamosi moja kinyozi huyo aliingia katika chumba cha nyuma ya posta, ambamo chama kilikutana, akamkuta mwenzake ameinamia beseni la maji ya vuguvugu, mikono ya shati ameikunja hadi viwikoni. Alikuwa akigeuza vipande vya bahasha kwa ncha za vidole, mpaka stempu zikaachana na karatasi zenyewe. Kisha akaziinua moja moja kwa kibano, akazilaza chali juu ya karatasi ya kukaushia, akazifunika. Kinyozi alivua kofia, akainamisha kichwa.

"Poleni, wafiwa," alisema. "Mazishi ni saa ngapi?"

Chumba kizima kiliangua kicheko, na tangu siku hiyo mtu yule hakuwa na jina jingine pale. Mwenyewe hakuchukia. Kazi yake ya mshahara ilikuwa kujalidi vitabu katika kiwanda cha chapa, na gundi aliijua kama mpishi anavyoijua chumvi. Hakuna stempu iliyowahi kuchanika mikononi mwake, na hilo ndilo jambo pekee maishani ambalo alijivunia waziwazi.

Chama kilianzishwa na mkuu wa posta wa zamani, marehemu sasa. Enzi zake chumba kilijaa hadi wengine wakasimama mlangoni: makarani, walimu, wauguzi, hata dereva mmoja wa lori aliyehifadhi stempu zake katika kasha la sigara. Watu wasio na nauli ya kufika mji wa pili walibishana hadi kukunjana mashati juu ya ndege wa visiwa vya mbali na wafalme waliokwisha kupinduliwa. Chama kilipeleka makopo ya stempu mashuleni, na watoto wengi walizijua nchi za dunia kwa njia hiyo kabla ya kuona ramani. Kwa wajane na wagane, chama kilikuwa sababu ya kupiga shati pasi siku ya Jumamosi, na hilo si jambo dogo.

Mkuu wa posta aliacha kanuni moja iliyoheshimiwa kuliko zote: stempu iwe safi. Iondolewe kwenye bahasha, isibaki na gundi, na mhuri wa posta uiguse kwenye kona tu. Mhuri mzito uliofunika picha uliitwa doa. Stempu yenye doa haikuingia katika albamu ya mtu mzima. Ilitupwa katika kopo la watoto. Hakuna aliyeihoji kanuni hiyo. Baadaye watu wakaacha kuandikiana barua, wazee wakatangulia mmoja baada ya mwingine, na shule zikaacha kupokea makopo. Kopo la mwisho likabaki kabatini, limejaa, na wanachama wakabaki wanne.

Mwosha alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume. Kijana huyo alikosa kazi nyumbani, akavuka mpaka kwenda kupasua mawe katika machimbo ya nchi jirani. Kambini kwao simu hazikushika, hivyo alimwandikia mama yake barua. Anwani hakuitoa, kwa kuwa kambi ilikuwa ikihamahama. Aliahidi kuituma watakapotulia. Nyumbani kulikuwa na makubaliano: barua ni ya mama, stempu ni ya baba. Kila barua ilipofika, Mwosha alipasua bahasha kwa uangalifu, akaiweka barua juu ya mto wa mkewe bila kuisoma, kisha akaenda zake na bahasha.

"Wewe," mkewe alimtania, "hata ukiletewa jeneza, utauliza limebandikwa stempu gani."

Barua ya mwisho ilifika mama akiwa safarini kumuuguza dada yake. Mwosha aliiweka juu ya mto kama kawaida. Stempu ilikuwa imeng'ang'ania kwelikweli, kwa hiyo akaizamisha bahasha nzima. Wino ukayeyuka, maji yakawa ya buluu, akayamwaga. Stempu ilipokauka aliona mhuri umemfunika ndege uso mzima. Hakuusoma; doa halisomwi. Jumamosi akaitupa koponi.

Mke aliporudi, aliketi ukingoni mwa kitanda na kusoma kwa sauti, kama alivyozoea. "Mama, sasa tumetulia. Anwani yangu nimeiandika nyuma ya bahasha. Nijibu upesi, kuna jambo nataka ruhusa yako kabla sijalifanya." Akanyoosha mkono bila kuinua macho.

"Lete bahasha."

Mwosha hakusogea.

"Baba watoto, bahasha."

"Nimeiosha."

"Yote?"

"Yote."

Mama aliikunja barua mara mbili, kisha mara ya tatu.

"Ataandika tena," Mwosha alisema.

"Huenda."

Hakuandika tena. Mwosha alijua kwamba stempu imo koponi na kwamba mhuri ule una jina la mji. Lakini ufunguo wa kabati ulikuwa kwa nesi mstaafu, mweka hazina wa chama, na kuuomba kulimaanisha kueleza sababu. Angesemaje? Kwamba yeye, mwenye mikono isiyochana stempu, ameifuta anwani ya mwanawe kwa maji ya vuguvugu? Kila Jumamosi alijiambia kwamba barua nyingine iko njiani. Aibu hubebwa na mtu mmoja, lakini ikianguka huwaangukia wengi.

Miaka miwili ikapita hivyo. Ndipo mkewe akaugua, na madaktari wakamrudisha nyumbani kwa maneno ya upole ambayo kila mtu aliyaelewa.

"Dawa basi," alimwambia mumewe. "Nataka kujua mwanangu yuko wapi. Nikishajua, nitanyamaza."

Jumamosi iliyofuata Mwosha alisema yote mbele ya wenzake, akiwa amesimama. Nesi alifungua kabati. Kinyozi ndiye aliyelipuka.

"Miaka miwili? Unakunywa chai na sisi hapa, na kopo liko nyuma ya mgongo wako?"

"Niliona haya."

"Haya! Mbele ya nani? Mbele yangu mimi, niliyemkata mteja sikio nikamlaumu nzi?"

Hakuna aliyecheka. Walimimina kopo juu ya meza, wakainamia wote wanne. Kwa mara ya kwanza katika historia ya chama walitafuta stempu chafu kuliko zote. Mchana uliisha wakaendelea, wakipasiana kioo cha kukuzia. Nesi ndiye aliyeiona: ndege asiye na uso, na juu yake mhuri mweusi, mzima, kila herufi mahali pake. Mwenyekiti, ambaye maisha yake yote alichambua barua katika posta hiyohiyo, aliisoma mara moja.

"Hapa napajua. Mifuko ya huko ilikuja na vumbi jeupe. Tulikuwa tukiifungua tunapiga chafya." Alipiga simu hapo hapo, akapitia posta moja hadi nyingine, mpaka akampata karani wa mji ule mdogo. Kisha akampa Mwosha simu.

"Yule mpasua mawe?" sauti ya mwanamke iliuliza. "Mrefu, mwenye kovu juu ya jicho? Nani mwenzangu?"

"Baba yake."

"Pole, baba. Alikuwa akija kila Ijumaa. 'Dada, kuna changu?' Namwambia hakuna. 'Basi wiki ijayo.' Nikimwambia aandike tena, anasema ruhusa haiombwi mara mbili. Alisema anangoja ruhusa ya mama yake ndipo aoe. Alikuja hivyo hadi mvua za mwaka jana, ukuta wa machimbo ulipoporomoka juu ya kambi. Walizikwa pamoja. Hatukujua pa kuandika, baba. Vitu vyao vyote vilibaki chini."

Mwosha alishukuru, kwa kuwa alilelewa kushukuru, akairudisha simu. Mvua za mwaka jana. Angeuomba ufunguo Jumamosi ile ya kwanza, jibu lingemfikia kijana akiwa hai, na pengine angekuwa harusini siku ukuta ulipoanguka. Hesabu hiyo haikuhitaji kufanywa na mtu mwingine, na hakuna aliyeifanya kwa sauti.

"Mwambie mama kwamba yuko njiani," kinyozi alinong'ona. "Siku zenyewe zimebaki ngapi? Uongo mwingine ni dawa."

"Mgonjwa si mtoto," nesi alisema. "Amekuuliza yuko wapi, kaka. Hajakuuliza kama atakuja."

Mwosha alimkuta mkewe yu macho, ameegemezwa kwenye mito. Njia nzima alikuwa ameibeba ile sentensi ya kinyozi mdomoni, tayari. Alivuta kigoda, akaketi.

"Sema," mama alisema.

Akasema. Hakupunguza kitu: ukuta, kaburi la pamoja, Ijumaa, ruhusa.

"Kila Ijumaa," mama alisema.

"Kila Ijumaa."

"Kumbe ilikuwa harusi."

"Ndiyo."

Mwosha alingoja alaaniwe. Laana ingekuwa nyepesi zaidi. Lakini mama alifunga macho tu, akapumua, akayafungua tena.

"Kucha za miguu zinakwaruza shuka," alisema. "Nikate."

Alitafuta mkasi mdogo, akatandika gazeti kitandani, akaupakata mguu wa kwanza. Ulikuwa mwepesi mno.

"Polepole. Hapo panauma."

"Nimesikia."

Alikata kidole kwa kidole, mguu mmoja, kisha wa pili. Ukucha wa mwisho ulikuwa mdogo, karibu haupo. Aliusogezea taa, akaukata. Akalikunja gazeti na vilivyomo, akamfunika mkewe miguu, akatoka kwenda kulitupa.