Muhuri wa Leo

Kavindu wa Gatongora amebandika matangazo ya maktaba ya sheria ya chuo kikuu kwa miaka kumi na moja, na hakuna hata moja lililowahi kumtaja. Leo akaletewa la kumsifu Maxine, msichana aliyeajiriwa Januari tu: mfanyakazi bora wa mwaka, na picha yake, meno yote nje.

Pale kila tangazo hupigwa muhuri wa siku ya kuondolewa, na mengi hupewa mwezi mzima. Kavindu akalipiga hili muhuri wa leo. "Wamtazame hadi saa kumi na moja, basi!"

Mchana kutwa wanafunzi walilipiga picha kwa simu, kijicho kikimchoma Kavindu. Saa kumi na moja ilipofika, akakimbilia ubaoni alitoe kwa mkono wake. Alimkuta Maxine ameshang'oa pini zote nne, anakunja sifa zake mwenyewe taratibu.

"Mum, siku yake imeisha," Maxine akasema bila kinyongo. "Si ni wewe ulinifundisha? Lililopitwa na siku yake halilali ubaoni."

Kavindu akabaki mkono hewani. Hata kwa hilo, mtoto yule alikuwa amemshinda.