Kiberiti Chini ya Benchi

Shangazi yetu alifagia bustani ya mji miaka tisa akiwa kibarua. Mwishowe msimamizi akamwambia: Ijumaa napita kukagua. Nikikuta eneo lako safi, unaajiriwa. Nikikuta doa, tusilaumiane.

Sasa niambie, ni nani aliyechagua wiki hiyo hiyo kuchora benchi lake kwa chaki? Mstari mmoja mweupe, kwenye mguu wa benchi. Anafuta, kesho upo. Anafuta, kesho upo.

"Nitamnasa," alimwambia mama, wifi yake. "Siku za mwizi arobaini, lakini huyu hafiki hata tano!"

Baadaye ndipo tulipoelezwa kwamba ule mstari ulikuwa alama ya majasusi. Mmoja anachora kumwambia mwenzake kuwa mzigo upo chini ya benchi. Mwenzake akipita haoni alama, hasogei, na mzigo unarudi na mwenyewe. Siku nne nzima serikali mbili zimekwama kwa kitambaa cha shangazi! Nikikumbuka, mbavu sina.

Ijumaa asubuhi alijibanza nyuma ya toroli lake la taka. Akaja bwana mmoja, suti imenyooka, akainama, akachora, kisha akabandika kiberiti chini ya benchi.

"Baba mzima!" Shangazi akamtokea, fagio mkononi. "Huoni aibu? Na hicho kiberiti unamwekea nani?"

Bwana yule macho yalimponza: yalikimbilia kwa mwanamume aliyesimama langoni. Shangazi akapaza sauti, bustani nzima ikasikia.

"Wewe wa langoni! Njoo uchukue kiberiti chako, mwenzako kakuletea!"

Walitimua mbio, huyu huku, yule kule.

Na msimamizi huyo anaingia. Shangazi, roho juu, akafuta chaki, akabandua kiberiti, akakitupa kwenye lori la taka lililokuwa likiondoka.

Jumatatu watu wa usalama walimuuliza aliona nini.

"Niliona uchafu," alisema. "Nikauzoa."

Wakaenda kuchakura jalalani, tai shingoni.

Barua ya ajira ilipotoka, msimamizi alimwita pembeni ampe. Shangazi akagoma.

"Mambo ya kupeana vitu kwa kificho nimeyachoka. Nipe hapa hapa, watu waone."

Akaipokea kwa mikono miwili katikati ya bustani, akalia kwa sauti, nasi tukapiga vigelegele mpaka wapita njia wakasimama.