Maneno Yangu, Mwandiko Wake

Tulikuwa wanne, na kitabu kilikuwa kimoja. Hivyo ndivyo chama chetu cha kusoma kilivyoanza Nakuru, kwenye duka la fundi wa nguo mtaa wa Bondeni, kila Jumapili baada ya kanisa. Fundi mwenyewe hakuwa wa kanisa. Alikuwa Mwislamu, wazazi wake walikuja kutoka pwani wakati reli ilipopita, na alitufungulia mlango wa nyuma kwa sababu, alisema, Jumapili bila wateja cherehani humtazama vibaya.

Wa pili alikuwa mwalimu wa shule ya wasichana, mwanamke mwembamba aliyekuwa na majibu kabla hujamaliza kuuliza. Wa tatu alikuwa dresa hospitalini, yaani yule anayesafisha vidonda na kufunga bendeji, na huyo ndiye aliyekuwa rafiki yangu. Wa nne nilikuwa mimi, karani katika ghala la ngano, kijana mwenye tai mbili na maoni juu ya kila kitu.

Vitabu alivileta dresa. Mama mmoja Mzungu aliyekuwa akiuza shamba lake kule Njoro ili arudi kwao alimwachia sanduku zima, kwa sababu alimtibu mpishi wake mguu. Vyote vilikuwa vya Kiingereza, na vilinuka panya. Tulivisoma kimoja kimoja kwa zamu, mimi, mwalimu na dresa, kisha Jumapili tukamsimulia fundi kwa Kiswahili, kwa kuwa yeye Kiingereza chake kiliishia kwenye inchi za kupimia suruali.

Nasema kweli, fundi ndiye aliyekuwa msomaji bora kuliko sisi sote. Tulimsimulia riwaya moja ya mapenzi, kurasa mia nne, watu wanalia na kupanda farasi. Akasikiliza mpaka mwisho huku akipiga pasi ya makaa, halafu akauliza, "Na nguo zao nani anafua? Hata mtu mmoja hafui? Basi huyo mwandishi ni mwongo." Mara nyingine tulisoma kumbukumbu za mfugaji mmoja wa kondoo. Mwalimu akasema, "Ametaja mbwa saba, kila mmoja na jina lake. Bibi yake hajamtaja hata mara moja. Mimi hii kitabu nimeifunga." Tulicheka mpaka majirani wakagonga ukuta.

Mwalimu ndiye aliyetuwekea ile desturi. Alichoka nasi. Alisema wanaume hawasikilizi, wanangoja tu zamu yao ya kusema. Basi akanunua daftari la mistari na kuweka sheria: hakuna kuandika maoni yako mwenyewe. Mwenzako anakuandikia, neno kwa neno kama ulivyosema, kisha anakusomea. Kama amekosea, anafuta. Akipatia, unasema, "Hapo sawa," na hapo tu ndipo maoni yanakubaliwa. Majina hatukuandika. Mwalimu alisema maoni yakishasemwa mbele ya watu ni ya chama.

Tulikaa wawili wawili. Mwalimu aliandika ya fundi, na fundi akaandika ya mwalimu kwa herufi za Kiarabu, zile alizojifunza chuo cha Kurani utotoni, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuzisoma ila yeye. Mimi niliandika ya dresa, na dresa akaandika yangu. Alikuwa na mwandiko mzuri, umesimama wima kama askari wa gwaride. Mimi mwandiko wangu ni wa karani, umelala, una haraka ya kwenda nyumbani.

Hii ilikuwa mwaka wa pili wa Hali ya Hatari, serikali ya Wazungu ikiwasaka Wakikuyu walioapa kuwafukuza. Sitaieleza sana, waliokuwepo wanajua. Dresa alikuwa Mkikuyu, aliyezaliwa shambani kwa Mzungu kule Subukia. Alitembea na karatasi tatu za kibali mfukoni, na kila askari aliyemsimamisha aliitaka ile ya nne. Mimi kwetu ni magharibi. Kabila langu halikuwa likitafutwa na mtu. Tofauti hiyo naitaja mapema, kwa sababu ndiyo kisa chenyewe.

Riwaya ya mwisho tuliyosoma ilikuwa ya bwana mmoja tajiri na mtumishi wake. Bwana ni katili. Anamrushia mtumishi viatu, anamwita kwa kengele hata akiwa amelala, na katikati ya kitabu anammwagia supu ya moto mkononi kwa kuwa ilikosa chumvi. Kitabu kilinifikia mimi mwisho, siku tatu kabla ya Jumapili. Ilikuwa msimu wa kupokea ngano. Magunia yalikuwa yamejaa mpaka mlangoni, na vumbi jeupe la ziwani lilikuwa limeingia hata kwenye chai. Nilisoma mpaka kwenye supu. Hapo nikasinzia, na kesho yake vivyo hivyo.

Jumapili ikafika. Ningeweza kusema sijamaliza. Wengine walishawahi kusema hivyo na hakuna aliyekufa. Lakini mimi nilikuwa yule wa maoni, na mwalimu alikuwa amekaa pale na nyusi zake.

"Umefika mwisho?" dresa aliniuliza, kalamu mkononi.

"Nimefika."

Alinitazama kidogo. Nadhani alijua. Nikasimama, kwa sababu maoni makali niliyatoa nikiwa nimesimama, nikasema: "Mtumishi alikuwa na kiberiti mfukoni siku zote. Kwa nini hakuichoma ile nyumba, bwana wake akiwa ndani? Ningekuwa mimi, nisingengoja supu."

Fundi akaacha kupiga pasi. Mwalimu akasema, "Debe tupu," lakini alitabasamu, na mimi tabasamu lile nililitaka kuliko mshahara. Dresa akaandika yote. Akanisomea polepole, bila kuongeza wala kupunguza. Nikasema, "Hapo sawa."

Kisha ikawa zamu yake. Akanisogezea daftari, akasema, "Andika: Huyu bwana namhurumia. Alijifunza kusema asante wakati jikoni hamna mtu." Sikuelewa jikoni gani. Sikuuliza, maana kuuliza kungenifichua. Nikaandika, nikamsomea, akasema, "Hapo sawa."

Daftari lilikwenda kwake wiki ile. Ilikuwa zamu yake kulitunza.

Jumatano asubuhi mtaa wao ulizungukwa na askari. Wanaume walitolewa nje wakachuchumaa kwenye vumbi, na vyumba vikapekuliwa kimoja kimoja. Chini ya godoro la dresa walikuta vitabu vitano na daftari moja. Mchana uleule sisi watatu tukaitwa kituoni, kwa kuwa dresa alikuwa ameulizwa ni chama gani, naye akajibu ukweli: chama cha kusoma, cha watu wanne, mnaweza kuwauliza.

Afisa alikuwa kijana wa Kizungu mwenye uso ulioungua jua. Aliwasha sigara, akatuamuru kila mmoja aandike mstari mmoja kwenye karatasi. Kisha akaziweka kando ya daftari, akalinganisha. Alianza na herufi za Kiarabu. Akamwambia fundi azisome. Yale yalikuwa maoni ya mwalimu, na mengine yalikuwa makali kuliko yangu, yote ya mwaka mzima. Fundi akavaa miwani, akafuata mstari kwa kidole kutoka kulia, akasema, "Hapa inasema kitabu ni kirefu sana, bwana. Na hapa, kitabu kirefu pia." Hakumtazama mwalimu. Afisa akafungua ukurasa mwingine.

Akafika kwenye ukurasa wa Jumapili ile. Karani wake alimtafsiria kiberiti, nyumba, na bwana akiwa ndani. Afisa akaichukua karatasi ya dresa, akaiweka pale. Mwandiko ule uliosimama wima haukuhitaji mtaalamu.

"Wewe naandika hii?"

"Ndiyo, bwana," dresa akasema. "Mkono ni wangu."

Ndipo mwalimu akaeleza. Alieleza vizuri, kama darasani. Kwamba kwetu mtu haandiki yake, anaandika ya mwenzake. Hakusema maneno yale ni ya nani. Aliishia hapo, akageuza kichwa akanitazama mimi, akaniachia mlango wazi.

Afisa akacheka. "Nani naandika maneno ya mtu ingine? Mimi hapana sikia hiyo." Kisha akaniuliza mimi, labda kwa sababu nilikuwa nimevaa tai. "Ni kweli?"

Nimeishi na swali lile muda mrefu kuliko nilivyoishi na mke wangu. Jibu lilikuwa neno moja. Ningelisema, ningepigwa kofi, pengine ningefukuzwa kazi, pengine ningelala ndani wiki mbili na kurudishwa kwetu. Hakuna kambi ya kizuizini iliyojengwa kwa ajili ya watu wa kwetu. Haya yote niliyajua nikiwa nimesimama pale, siwezi kusema nilichanganyikiwa.

Nikasema, "Mara nyingine ndiyo, bwana. Mara nyingine hapana."

"Na siku hii?"

"Sikumbuki."

Dresa alikuwa akitazama sakafu. Hakuinua macho. Kwa nini hakunitaja, sijui mpaka leo. Labda aliona mtu akisha kusema hakumbuki, kumkumbusha ni kujiaibisha.

Afisa akageuza ukurasa, akakuta mwandiko wangu uliolala, akatafsiriwa yale maneno ya huruma. Huyu bwana namhurumia. Akayapenda. Akanipiga begani kidogo, akasema, "Wewe mtu mzuri." Nikatoka kituoni kwa maneno ya rafiki yangu, naye akabaki ndani kwa yangu. Mdomo huponza kichwa, ndivyo wasemavyo. Wangu uliponza kichwa cha mwenzangu.

Alipakiwa kwenye lori kabla ya wiki kwisha, wakampeleka kwenye kambi za kule chini, kwenye joto. Mwalimu hakunisemesha tena. Tulipopishana barabarani alivuka upande wa pili, na mtu mwenye nyusi kama zile hahitaji kusema. Fundi alinishonea nguo kama kawaida, akanipima kiuno na mabega, lakini mlango wa nyuma haukufunguliwa tena. Nilimwomba mara moja. Akasema, "Mwanangu, Jumapili siku hizi nafanya kazi."

Ile riwaya ilibaki kwangu, kwa kuwa mimi nilikuwa wa mwisho kuisoma. Ilikaa miezi mingi juu ya kabati kabla sijathubutu kuimalizia. Bwana anazeeka, anapofuka. Mtumishi anamlisha kwa mkono uleule wenye kovu, miaka na miaka. Kisha asubuhi moja anaweka chai mezani, anafunga mzigo wake, anaondoka bila neno. Bwana anapapasa kikombe, anakunywa, na kwa mara ya kwanza maishani mwake anasema asante. Kitabu kinaishia hapo. Nilikifunga nikaona haya peke yangu chumbani, maana kumbe hata nyumba ile haikuwa ya kuchomwa. Niliwachoma watu kwa kitabu nilichosoma nusu.

Dresa alirudi miaka ya hamsini ikielekea ukingoni. Kazi ya hospitali hakurudishiwa. Vidole viwili vya mkono wa kuume vilikuwa havikunjiki, na dresa asiyeweza kufunga bendeji ni nani? Alipata kibarua cha kufagia sokoni. Nilimwona huko siku kadhaa kabla ya kujikaza kumwendea. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Nilipofika mbele yake nikasema tu, "Ndugu yangu, yale maneno yalikuwa yangu."

"Najua," akasema. "Si mimi niliyeandika?"

Tulikaa juu ya kreti za kabichi. Hakuwa na hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo. Akanieleza kama mtu anayeeleza habari za jirani. Kule kambini walikuwa na ile sentensi kwenye faili. Kila mara walimwita, wakamsomea, wakamwambia akubali ni yake. Mwaka wa kwanza alikataa. Alieleza desturi yetu, duka la fundi, mwalimu na daftari, wakacheka na kuendelea. Mwaka wa pili alikubali. Baada ya hapo, alisema, wakawa wanataka kila siku aeleze alikuwa na maana gani. Basi akaeleza. Alitafuta maana, akaipata, akaieleza tena na tena, mpaka ikawa anaamka nayo.

"Sasa nikitafuta ile yangu siioni," akasema. "Nilisema nini siku hiyo? Wewe ndiye uliandika."

Nilikuwa nayo. Sijawahi kuisahau, ndiyo iliyonitoa kituoni. Nikamwambia kama nilivyoiandika, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza: "Huyu bwana namhurumia. Alijifunza kusema asante wakati jikoni hamna mtu."

Alisikiliza na kichwa ameinamisha. Nilingoja aseme lile neno letu. Akanyanyua ufagio wake, akaushika kwa mkono wa kushoto.

"Hapana," akasema. "Hiyo si yangu."

Nikamrudia tena, polepole zaidi, kama sheria ilivyotaka. Alikuwa ameshaanza kufagia.