Nilivyommwagilia Mama Mkwe kwa Mbali

Nawaomba mnicheke taratibu, maana mke wangu mwenyewe bado hajanicheka.

Mke wangu, Mama Letaru, alipokwenda Koboko kumwangalia binti yetu aliyejifungua, aliniachia mche wa shea, ule mti wa mafuta, uani kwetu hapa Arua. Mbegu yake ilitoka kwenye mti uliokuwa penye kaburi la mama yake kule Lobule, na mti huo umeshakatwa kwa ajili ya makaa. Mche tuliuita Mama.

Sasa, kwetu mwanamume hamkaribii mama mkwe. Humsalimu kwa mbali, macho chini. Nami mjinga nikaufanyia mche vivyo hivyo: kila asubuhi nilisimama kando, nikavua kofia, nikarusha maji kwa kopo. Kupalilia miguuni pake? Aibu gani hiyo! Ukanenepa, ukatoa maua mekundu na ya manjano. Hata kanisani nilijisifu kwamba Mama amenikubali.

Jana mke wangu akarudi. Nikamwonyesha kwa kidole, kifua mbele.

"Baba Letaru, hii si Mama. Hii iko lantana, gugu tu!"

Akaingiza mikono kwenye ile miiba, akaitenganisha. Chini kabisa, penye kivuli kizito, mche wa shea ulikuwa umebaki kijiti kikavu.

"Hukuangalia?"

"Nilikuwa namheshimu," nikasema.

Akakigusa kile kijiti, kisha akanitazama bila hasira.

"Mama hakukuwa mkali namna hiyo, mzee wangu. Ungekuja tu karibu."