Chungu cha Rusengo

Ildefonce wa Kibimba alikuwa mtu wa kushuku hata kivuli chake. Ukimsalimu, aliwaza kwanza unataka nini. Tangu utotoni alikuwa na shujaa mmoja tu, Rusengo, mkulima wa zamani ambaye bibi yake alimsimulia habari zake wakimenya ndizi. Mwaka wa njaa, watu wa mtemi walipopita wakizoa chakula, Rusengo alichanganya maharage ya mbegu na majivu, akayatia chunguni, akakifukia chini ya migomba. Mvua iliporudi, alikuwa na cha kupanda.

Basi vita vya Kagera vilipoanza, kijiji chao cha ujamaa kikaagizwa kupeleka mavuno yote ghalani, askari wapate kula. Ildefonce alibeba magunia yake watu wakimwona. Chungu kimoja cha maharage ya mbegu kikabaki chini ya migomba.

Halafu akamwona jirani yake Malongo, Msukuma aliyehamia kutoka Shinyanga, akichimba nyuma ya zizi huku akiangaza macho. Mtu mwema anafukia nini? Siku hizo kila mtu alizungumzia wapelelezi. Ildefonce akaenda moja kwa moja kwa balozi wa nyumba kumi.

Mgambo wakafukua. Wakakuta chungu cha mtama uliochanganywa na majivu.

"Ni mbegu," alisema Malongo. "Babu alitusimulia mama mmoja wa kwetu aliyeokoa watoto wake hivi."

Mtama ule ukapelekwa ghalani, ukasagwa. Ildefonce aliona aibu, lakini chungu chake akakiacha palepale.

Mvua ikaja. Wenye mbegu wakapanda, shamba la Malongo likabaki tupu. Siku Ildefonce alipokwenda kufukua maharage yake, mkewe Deodata alimfuata migombani.

"Hadithi ya Rusengo ulisinzia katikati," alimwambia. "Aligawia majirani kabla hajapanda shamba lake."

Ildefonce alimaliza kufukua. Alikibeba chungu mchana kweupe hadi kwa Malongo.

"Shikamoo, mzee," alisema Malongo, amesimama mlangoni.

"Marahaba. Nimeleta mbegu, tugawane."

Malongo alikitazama chungu, kisha akatazama barabarani, nyuma ya bega la mgeni wake.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna. Nimekuja mwenyewe."

"Mimi sifichi chakula," alisema Malongo kwa sauti ya kusikika mbali. "Na chungu hicho sikijui."

Akafunga mlango. Ildefonce alibaki uani na chungu chake, mvua ikimnyeshea.